Ng'ombe Aliyehojiwa Masoko

Ninyi wanangu mliopata nafasi ya kwenda chuo kikuu kusomea maendeleo ya watoto na vijana, mmekuja kwangu mnataka baraka na ushauri. Baraka chukueni, ni za bure. Ushauri kaeni vizuri mwusikilize, maana kazi hiyo nimeifanya wilaya hii ya Rungwe mpaka magoti yamekataa vilima. Na somo kubwa kuliko yote nililipata siku niliyokaa nikamtazama mwenyekiti wa kijiji akimhoji ng'ombe, kwa fomu niliyoiandika mimi, kisha nikatia saini kwamba mahojiano yamefanyika vizuri.

Msicheke bado. Kuna mahali pa kucheka, nitawaonyesha.

Mimi ni mtoto wa Tukuyu mjini. Baba alikuja huku kutoka pwani na cherehani yake, akapata kibaraza cha kushonea karibu na soko, akaoa, akasahau kurudi. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kinyakyusa nilikijua cha sokoni, cha kupunguziwa bei ya ndizi na kutukanana kidogo. Nilipoajiriwa msaidizi wa maendeleo ya jamii, na baadaye wakanipeleka chuo kikuu, nilijiona naijua wilaya nzima. Nilikuwa nalijua soko tu.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa, serikali ilipofungulia kila mtu afanye biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakajaa redio, mitumba na sabuni za kunukia. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupita na malori yao, ghala la ushirika likabaki na panya. Vijana nao wakatawanyika: huyu yuko Tunduma, yule Mbeya, mwingine hata mama yake hajui. Wakubwa wakashtuka, wakasema lazima tupate wataalamu wa vijana. Mtaalamu nikawa mimi.

Chuoni nilifundishwa mengi, na sitaki mseme bibi kasema chuo hakina maana. Nilijifunza kwamba mtoto anayenyamaza si lazima awe mjinga, na kijana mkorofi mara nyingi ana njaa au ana aibu. Hayo yamenisaidia miaka yote. Lakini niliandika pia insha ndefu kuonyesha kwamba ile mila ya Wanyakyusa ya mkamwana kumkimbia baba mkwe wake, asionane naye wala kusema naye, imekwisha kufa kwa sababu ya elimu, dini na biashara huria. Mhadhiri akaandika pembeni, "Kazi nzuri sana." Sikuwa nimemwuliza mkamwana hata mmoja. Insha ile ninayo mpaka leo, nimeitandika kwenye kabati la vikombe.

Nilirudi pia na kadi za picha za kupima akili za watoto. Unamwonyesha mtoto picha, anakwambia kimepungua nini. Nikaanza nazo kijiji cha Suma. Kadi ya nyumba ilikuwa imepungua kitasa cha mlango. Mtoto wa kwanza akaitazama, akasema, "Migomba." Nikaandika sifuri. Wa pili, migomba. Wa kumi na nne, migomba. Mmoja tu ndiye aliyejibu vingine, akasema watu wa hapo wamehama. Nikaandika kwenye ripoti kwamba watoto wa Suma wana upungufu wa kutisha. Dereva wetu, Mzee Asajile, aliyekuwa akinisubiri kwenye Landrova, akaiomba ile kadi, akaigeuza juu chini, chini juu. "Bibi Maendeleo," akasema, "mbona nyumba hii haina migomba?"

Huyo Mzee Asajile ndiye aliyenifundisha kazi. Darasa la nne, sauti ndogo, koti la mvua lisilovuliwa hata jua likiwaka. Alikuwa na sheria zake. Gari liachwe mbali, utembee, kwa sababu likifika mlangoni watu wanaiona serikali, lakini miguu yenye tope ikifika wanamwona mgeni. Maziwa mgando ukipewa, maliza kwanza, swali baadaye. Na daftari lisitoke mfukoni mpaka mwenyeji awe ameuliza habari za mama yako. Mimi nilimsikiliza kwa adabu, kisha nikafanya nilivyofundishwa chuoni.

Sasa hiyo fomu. Ilitokea nafasi ya mafunzo ya ualimu wa chekechea, miaka miwili, mtu mmoja kila kata. Fomu ya waombaji niliiandika mimi, na nilipoimaliza niliisoma kwa sauti peke yangu ofisini kwa utamu. Sehemu ya tatu ilisema: mwombaji ahojiwe na mwenyekiti wa kijiji chake, mahojiano yawe ya ana kwa ana, mbele ya afisa. Nilikuwa na sababu. Wenyeviti walikuwa wakitia saini kwa ajili ya wapwa zao bila hata kuwaona wengine. Nikasema safari hii kijana atasikilizwa, uso kwa uso, na mwenye kuamua.

Kijijini Masoko walijitokeza waombaji wawili. Wa kwanza alikuwa Lugano, mwenye miaka arobaini na moja na ndevu zimeanza mvi. Nilipomwambia nafasi ni ya vijana, akasema baba yake bado yu hai, kwa hiyo yeye ni kijana, na wazee wote wakaitikia kwamba ndivyo. Nikamwuliza atawafundisha nini watoto wa chekechea. Akajibu, "Adabu."

Wa pili alikuwa Subilaga, miaka kumi na tisa, mke wa mtu. Mumewe alikwenda Tunduma kufanya biashara, mwaka wa pili ulikuwa unakwisha bila barua. Binti huyu alikuwa amelichukua lile ghala tupu la ushirika, kila asubuhi akikusanya watoto ambao mama zao wamekwenda kuchuma chai, akiwafundisha kuhesabu kwa buni zilizobaki sakafuni. Hakuna aliyemtuma. Nilimwona siku moja, watoto ishirini na kitu wamekaa kimya wakimtazama mdomo, nikajua huyu ndiye. Nilimtaka apate nafasi ile kuliko nilivyowahi kuitaka shahada yangu.

Nikaitisha mkutano humo humo ghalani, siku ya Jumanne. Nikapanga mabenchi duara. Chuoni kwetu duara lilikuwa dini: likipangwa, wote wako sawa. Mzee Asajile akalitazama akasema, "Duara halina mahali pa kujificha." Nikamwambia ndio uzuri wake.

Mwenyekiti akaingia, Mzee Angolwisye, mtu mrefu mwenye kofia ya pama, akakaa karibu na mlango. Wazee wakakaa. Lugano akakaa na vijana wenzake wenye mvi. Halafu Subilaga akaingia kwa mlango wa nyuma, karatasi zake mkononi, akamwona mwenyekiti. Akavuta kanga mpaka usoni, akachutama, akaenda hivyo hivyo amechutama mpaka nyuma ya rundo la magunia. Papo hapo mwenyekiti akasimama, akageukia ukuta, akajifunika uso kwa kofia.

Basi ikawa hivyo. Binti yuko nyuma ya magunia, mwenyekiti anaongea na ukuta, wazee wanatazama vidole vya miguu yao. Nikatoa daftari nikaandika: hofu kubwa, dalili za ukatili nyumbani. Laiti ningeishia kuandika. Nikasimama katikati ya duara langu nikasema, kwa sauti ya kozi nzima, "Mwenyekiti, huyu binti umemfanya nini?"

Mdomo uliniponza. Mzee wa watu akaanza kutoka, uso bado umo ndani ya kofia, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja. Akajigonga kwenye mizani ya kahawa, ikalia. Akaomba radhi, nadhani ni mizani aliyoiomba, akaupata mlango, akatoka. Wazee wakamfuata mmoja mmoja. Akabaki Lugano. "Kama mwenzangu ameshindwa," akasema, "mimi nipo."

Tukaanza kurudi Tukuyu. Tulipofika nusu ya njia Mzee Asajile akasema, "Yule ni mkamwana wake. Mke wa mwanawe."

"Lakini hiyo mila imekufa," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Niliandika."

Akabadilisha gia, akapanda mlima wote. "Basi labda hawajasoma," akasema.

Jumatano asubuhi ujumbe ukafika ofisini: mwenyekiti wa Masoko hataigusa fomu ile. Na fomu zote zilitakiwa Ijumaa saa sita mchana, gari lizipeleke mkoani. Nikaenda kwa bosi wangu nikamwomba tuifute sehemu ya tatu. Akanitazama juu ya miwani. Akasema nakala zimekwisha kwenda mkoani, zimesifiwa, na fomu ni fomu. Akaniuliza mwandishi wake ni nani.

Nikamrudia Subilaga ghalani. Watoto walikuwa wanahesabu. Hakuacha kufundisha, alinisemesha huku akiwapangia buni.

"Bibi Maendeleo, nilikuwa na nafasi moja tu. Umeiharibu kwa mdomo."

Nikamwambia nilidhani anaonewa.

"Na nani? Yule baba?" Akainuka. "Mwaka jana niliugua, watu wakajua nakufa. Yule alikaa nje ya nyumba yangu siku tatu, na mvua unaijua ya huku. Hakuingia, maana haingii. Hakuondoka. Nilikuwa nikisikia anakohoa, najua yuko. Mwanawe mwenyewe hata salamu hajaleta. Sasa kijiji kizima kinauliza amenifanya nini." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Lugano akiichukua nafasi hii, mimi nitamenya ndizi za nyumba isiyo na mume mpaka nizeeke. Na hawa watoto watafundishwa adabu."

Nilijisikia vibaya, wanangu, vibaya kweli. Nimewahi kukosea hesabu na ripoti na barabara, lakini siku ile nilikuwa nimemkosea mtu.

Alhamisi tulikwenda kwa Mzee Angolwisye. Nilitaka kubeba sukari na sabuni, Mzee Asajile akanikataza. Akasema ukimpelekea zawadi mtu uliyemwaibisha, atadhani unamlipa. Nenda na miguu yako. Tukaliacha gari mbali kabisa, nikateleza mara mbili, nikafika na tope mpaka magotini. Nikapiga magoti uani kwake.

"Baba, nilisema maneno ya ujinga mbele za watu. Nimekuja kuyala."

Akamwagiza mkewe alete maziwa. Niliyanywa yote, daftari likiwa mfukoni. Akaniuliza habari za mama. Alikuwa amemfahamu baba, suruali yake ya kipaimara ilishonwa kwenye kile kibaraza. Hapo ndipo nilipothubutu kuuliza.

"Baba, katika miaka yote hii hamjasemezana kabisa?"

"Tutasemezanaje? Anapika, anaweka chakula mlangoni, anakohoa, anaondoka. Mimi nakohoa, nakula. Ni mtoto mwenye adabu sana."

"Na likitokea jambo zito?"

Akaelekeza kidevu kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amefungwa ng'ombe mwekundu, anacheua majani ya mgomba. "Tuna Ruksa," akasema.

Ng'ombe alipewa jina hilo kwa sababu alinunuliwa miaka ile ile ya ruksa. Kumbe nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Jambo likiwa zito, mzee anasimama upande huu wa kona, binti upande wa pili ambako ni jikoni, hawaonani, na kila mmoja anamwambia Ruksa. Habari za kifo cha shangazi zilipita kwa Ruksa. Hata shamba la kahawa waligawana mistari ya kupalilia kupitia kwa Ruksa. Nikaomba mahojiano yafanyike hivyo hivyo. Mzee akafikiri, akakubali. Mimi ndiye niliyesita.

"Fomu inasema ana kwa ana," nikamnong'oneza Mzee Asajile.

"Mwenyekiti atakuwa ana kwa ana," akasema. "Haikusema na nani."

Hapa ndipo pa kucheka, kama mlikuwa mnangoja. Manyunyu yanaanguka, binti ameitwa na yuko jikoni. Mimi nimekaa kwenye kigoda pembeni ya ng'ombe, mwavuli begani, fomu gotini. Mwenyekiti amevaa koti la mikutano, ameshika nakala yake, anasoma kwa sauti ya ofisi.

"Ruksa. Swali la kwanza. Kwa nini unataka kufundisha watoto wadogo?"

Ng'ombe akapiga sikio. Upande wa jikoni sauti ikasema, "Ruksa, mwambie anayeuliza, kufundisha nimeshaanza. Nataka nijue kama nafundisha sawasawa."

Nikaandika.

"Ruksa, una umri gani?"

"Kumi na tisa, Ruksa."

"Ruksa, umewahi kushika uongozi wowote?"

"Ruksa, mwambie watoto ishirini na watatu. Wakianza kulia wote pamoja, ni uongozi."

Mzee akakohoa. Nilimwona anaficha meno. Halafu akafika swali la tano, ambalo nililiandika usiku nikiwa na hamasa ya haki za vijana, na nilipoliona linakuja nilitamani ardhi inimeze. Akalisoma polepole. "Ruksa. Je, viongozi wa kijiji chako wanakusikiliza? Toa mifano."

Ruksa akanyoosha shingo, akaichukua nakala mkononi mwa mwenyekiti, akaanza kuila. Tukavutana naye, akabaki na nusu. Kutoka jikoni sauti ikasema, "Ruksa, mwambie ananisikiliza sasa hivi. Mfano ni huu."

Maswali ya fomu yakaisha. Nikadhani tumemaliza, nikafunika kalamu. Mzee Angolwisye hakuondoka. Aliweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe, akawa anaupapasa, na sauti ya ofisi ikamtoka.

"Ruksa," akasema. "Ukienda huko, utarudi?"

Swali hilo halikuwemo. Nilifungua mdomo nimkumbushe, Mzee Asajile akanitikisia kichwa. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilinyamaza mahali panapotakiwa kunyamazwa. Nilijua binti akisema ndiyo, mzee atatia saini. Nikamwombea aseme ndiyo. Neno moja, hata kama ni la uongo, na chuo kipo.

Jikoni nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Ruksa," akasema Subilaga, na sauti ilikuwa imekauka, "mwambie sijui."

Nikajua tumekosa. Nilimtazama mzee, mvua inachuruzika kwenye kofia yake, na nikaona amezeeka kuliko nilivyomwona asubuhi ile.

"Mwanangu aliniambia atarudi," akamwambia ng'ombe. "Aliapa. Huyu hakunidanganya." Kisha akaninyooshea mkono. "Nipe kalamu."

Fomu ilifika Ijumaa kabla ya saa sita, ina tope. Penye maoni ya afisa niliandika kwamba mwombaji amejibu maswali yote kwa ufasaha, na mwenyekiti alimhoji kwa makini. Sikumtaja mnyama. Lugano alikata rufaa, akisema yeye alikuwa tayari kujibu kwa mdomo wake mwenyewe bila kusaidiwa na ng'ombe, na mkoani wakadhani barua hiyo imeandikwa na mlevi.

Sasa mtaniuliza nilichojifunza, maana vijana wa siku hizi mnapenda mambo yenye vichwa vya habari. Someni vitabu vyote watakavyowapa, na duara pangeni. Ila mkifika mahali watu wamenyamaza, ulizeni kwanza wenyewe husemezana vipi. Kila nyumba ina njia, nyingine ina ng'ombe. Kazi yenu ni kutafuta mahali pa kukaa kati yao bila kuwazibia.

Siku Subilaga anaondoka, Landrova yetu ilikuwa imevunjika giaboksi, kwa hiyo ilibidi apande lori la ndizi linalokwenda Mbeya. Nilikwenda Masoko kumuaga. Nikasimama barabarani na watu wengine, na nikaona kitu ambacho watu wale walikuwa hawajapata kukiona. Mwenyekiti alikuwa anakuja na sanduku la bati kichwani. Mzee wa kijiji, mwanamume, sanduku la mkamwana wake, kichwani. Wanaume waliokuwa wakipakia ndizi wakacheka waziwazi. Yeye alitembea tu, shingo imenyooka, bila kugeuka, maana angegeuka angemwona. Binti alikuwa nyuma yake mbali, kanga usoni. Mzee akifika kwenye kona anakohoa, binti anasimama mpaka apite.

Alipofika kwenye lori akalitua sanduku, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara, akageukia mibuni. Subilaga akanikumbatia, akapanda juu ya ndizi. Utingo wa lori alikuwa mgeni wa huku, hakuelewa chochote. Akampigia kelele yule mzee aliyewapa mgongo.

"Mzee, huyu binti ni nani wako?"

"Mwanangu," akajibu, akiitazama mibuni. "Sijawahi kumwona. Mfikishe salama."